Jibu la Hadji Ramazani

Kavugho, ambaye sasa anakaa kwenye meza yangu na kuiita meza yake, ameniomba niwaandikie ninyi vijana wa gazeti namna kazi ilivyokuwa zamani. "Papa Directeur, andika mbele ya kusahau," aliniambia. Sijasahau kitu. Nilichagua tu kunyamaza, maana watu wengi wa mji huu wangali hai na wanajua ninapoishi. Lakini nimekaa bure nyumbani miezi mitatu, na mtu aliyezoea kusahihisha wengine, akikosa kazi, anaanza kumsahihisha mke wake. Donc naandika, kwa ajili ya amani ya nyumba.

Nilifika kwa Mzee Katembo wakati nchi ilikuwa inaitwa Zaïre. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na viatu vyangu vilikuwa vimechoka kuliko mimi. Mzee ndiye aliyeanzisha gazeti. Alikuwa mwandishi wake, mchapishaji wake na mlinzi wake, yote ndani ya chumba kimoja nyuma ya duka la chumvi hapa Butembo. Gazeti lilikuwa na jina refu la Kifaransa, lakini watu waliliita Karatasi tu. "Karatasi imetoka?" Ukiwatajia lile jina refu walifikiri unawatukana.

Mzee hakunipima Kifaransa wala sarufi. Alinipa tangazo la kifo, akasema, "Andika." Nikaandika kwamba Kasereka amefariki na kwamba mazishi ni kesho saa nne. Nikajiona mwandishi. Ninyi mnajua, na mgeni nimwambie: kwetu Wanande mtoto wa kiume wa tatu ni Kasereka, apende asipende. Nyumba yoyote iliyozaa wavulana watatu ina Kasereka wake. Karatasi ilitoka asubuhi, na kufika saa sita mchana familia tatu zilikuwa zinalia. Kasereka mmoja, fundi wa baiskeli, alirudi nyumbani akakuta matanga yake mwenyewe, akakaa chini akala. Baadaye alikuja bureau, ofisini kwetu, wala hakuwa na hasira. Alitaka kujua kama tutamtangaza tena siku ile nyingine, ile yenyewe.

Mzee Katembo hakunifukuza. Alisema, "Mutu wa kwetu hapana kuwa na jina moja. Iko na baba yake, iko na kilima yake, iko na kazi yake. Ukiacha moja, unazika mutu mwenye angali anakula." Tangu siku hiyo sijamzika mtu kabla ya wakati wake, isipokuwa kisiasa.

Sasa vyombo, maana ninyi mmezaliwa ndani ya ordinateur, kompyuta zenu. Tulikuwa na mashine ya kuandikia na ronéo, ile ya kuchapisha kwa kuzungusha mkono. Unachukua stencil, karatasi ya nta, unaondoa utepe wa mashine ili herufi zitoboe ile nta, halafu wino unapita kwenye matundu. Ukipiga kwa hasira, herufi "o" inakatika yote na kuanguka, na msomaji anapata gazeti lililoliwa na panya. Kwa namna hiyo Mzee alijua hali ya nyumba yangu. Aliinua stencil kwenye dirisha, akahesabu matundu, akaniambia, "Leo mumegombana."

Ukikosea, unapaka vernis nyekundu juu ya kosa, unapuliza, unangoja ikauke, unapiga tena. Kwa baridi ya Butembo ilikawia kukauka, hata tukaweka mbabula ya makaa chini ya meza, na gazeti likawa linanuka mahindi ya kuchoma. Siku moja chupa ya vernis ilikwisha na gazeti lilipaswa kutoka. Nilikimbia nyumbani nikachukua vernis ya kucha ya mke wangu, Mama Masika, aliyokuwa anaitunza kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Ilikuwa bora kuliko ya bureau, nawaambia. Ilikauka upesi, na ukurasa wa pili wa juma lile haukuwa na kosa hata moja. Mama Masika alikwenda harusini na kucha tupu. Nikamwambia nitamletea nyingine.

Mama Masika ni mlimaji. Ana shamba la maharagi kilimani, nje ya mji, na hajawahi kunisifu hata mara moja kwa maandiko yangu juu ya kilimo. Kila nilipomsomea, aliuliza swali lile lile: "Baba Masika, ulishapigaka magoti mu maharagi?" Sikuwa nimepiga. Nilikuwa nimeandika.

Lakini nilitaka kuwaambia juu ya kanuni moja ya Mzee. Niliijua siku alipokuja komanda mmoja, mtu wa mkoa wa mbali, aliyeletwa huku na kazi na aliyejua Lingala kuliko Swahili. Tulikuwa tumeandika kwamba askari wake wanachukua kuku wa watu. Aliingia bila kubisha, akapiga Karatasi juu ya meza: "Nani akomi oyo?" Ni nani aliyeandika haya. Mimi nilikuwa nimekwisha kuangalia dirisha lina upana gani. Mzee Katembo alisimama, akavuta kiti chake mwenyewe, akasema, "Chef, kaa. Unataka kujibu nini?"

Komanda alishangaa, akakaa. Alisema maneno yake kwa saa nzima, Lingala, Kifaransa na matusi. Mzee aliandika yote, akamwuliza, "Hapa ulitaka kusema nini?" na tena, "Na hapa?" Kesho yake jibu likatoka ukurasa wa mbele, mahali pale pale tulipompiga, herufi zile zile, na limesafishwa mpaka komanda alionekana mtu aliyesoma. Alisema ndani ya jibu hilo kwamba kuku watarudishwa. Sina hakika kama alisema hivyo kweli au ni Mzee aliyemsaidia kufikiri. Kuku walirudi, si wote, na komanda akanunua Karatasi nyingi za kumpelekea mama yake.

"Mutu ulimupiga, mupe kiti," Mzee aliniambia. "Kiti ya mbele, hapana ya nyuma ya mulango. Na umusafishe. Mugeni hapana kutoka mu nyumba yako na nguo chafu." Hiyo ndiyo kanuni, ina miguu miwili: mahali pale pale, na usafi ule ule unaoyapa maneno yako mwenyewe. Alipozeeka na kunikabidhi funguo, aliongeza neno moja tu: "Siku utamupa adui yako kiti ya miguu tatu, funga mulango, uuze mashine." Tulimzika Mzee kwa tangazo lenye baba yake, kilima chake na kazi zake zote. Nililipiga mimi mwenyewe, na zile "o" zilianguka nyingi.

Miaka ikapita. Ordinateur ikaja, ronéo ikalala kwenye kona. Kavugho naye akaja, msichana aliyetoka kumaliza masomo Beni, anayepiga herufi haraka kuliko mimi ninavyofikiri. Siku yake ya kwanza nilimwambia habari ya komanda na kiti cha miguu mitatu, kama nilivyomwambia kila mtu aliyeingia mlango ule. Aliendelea kupiga herufi. Nilifikiri hakusikiliza.

Halafu siasa ikaja kuniita. Watu wa chama fulani waliingia bureau na kofia mpya, wakasema mji unahitaji mtu wa kalamu kwenye bunge la mkoa. Mimi niliyeandika miaka mingi kwamba wanasiasa hawasikii, siku hiyo nilisikia vizuri sana. Viti vya mji vilikuwa kadhaa, lakini kila mtu alijua upande wetu wa Kimemi ungetoa mtu mmoja tu, na sisi tuliokitaka kiti hicho kwa nguvu tulikuwa wawili: mimi na Hadji Ramazani. Nilikitaka. Nisiwadanganye, nilikitaka mpaka nikaanza kukunja mikono nyuma ninapotembea. Mtu mwenye akili angetoka kwenye gazeti wakati wa kampanye. Mimi nilibaki kwenye meza, nikijiambia kwamba wasomaji wangenikosa.

Hadji Ramazani alikuwa transporteur, wa familia ya Waislamu wa Beni, mwenye malori yanayopanda na kushuka kati ya Butembo na Beni. Na hapa niseme jambo ambalo halinipendezi: kila Jumamosi furushi letu la magazeti ya kwenda Beni lilisafiri kwenye lori lake, bure, tangu siku za Mzee Katembo. Juma la kwanza la kampanye niliandika kwenye ukurasa wa mbele: "Magari ya Hadji yamekwisha kula barabara. Sasa Hadji anataka tumpe na meza." Niliifurahia sentensi hiyo siku mbili. Jumamosi nikaifunga kwa kamba vizuri, nikampelekea dereva wake.

Jumanne Hadji alikuja mwenyewe, kanzu safi, uso umekaza. "Directeur," alisema, "ata gari yenye ulipakiaka matusi yangu ni yangu." Akaweka jibu lake mezani, akaondoka bila kukaa. Alikuwa ameliandika nyuma ya karatasi za safari za malori, kurasa nne bila nukta hata moja. Liliniita nyoka mara tatu na mbuzi mara moja. Lilimtukana marehemu Mzee Katembo, ambaye hakuwa mgombea. Katikati lilisahau kwamba linanijibu mimi, likaanza kugombana na fundi wa matairi.

Nilicheka mpaka nikapangusa machozi. Mtu huyu alikuwa amejichimbia kaburi na kuniletea jembe. Nikamwambia Kavugho, "Iweke ukurasa wa mbele, herufi zile zile, vile iko. Haki ya kujibu ni haki ya kujibu."

"Vile iko, Directeur? Pasipo kuisafisha?"

"Ni maneno yake. Mimi nani nimuguse?"

Kavugho aliacha kupiga herufi. Aliinuka, akaenda kwenye kona nyuma ya ronéo, akatoa kiti kimoja cha zamani kilichovunjika mguu. Alikileta mpaka mbele ya meza yangu, akakiegemeza ukutani kisianguke, akarudi kwenye kazi yake. Tak, tak, tak, hakuinua hata macho.

Nilikaa nikitazamana na kiti hicho mpaka chai yangu ikapoa. Kisha nikavaa koti, nikachukua karatasi za Hadji, nikashuka kwenye parking yake ya malori.

Nilimkuta amekaa juu ya tairi, anakunywa chai ya tangawizi na madereva. Nikamwambia, "Hadji, nimekuja kusafisha jibu lako. Hapa ulitaka kusema nini?" Alizigeuza zile karatasi mbele na nyuma. Nadhani alitafuta mtego uko wapi. Kisha akamwambia dereva mmoja anipe kikombe.

"Nilitaka kusema hivi," alisema. "Weye unaandika gari ya Hadji, gari ya Hadji. Unafikiri nilizaliwaka na gari? Mi nilianzaka mu matope ya Mbau, kule kupita Beni. Nilikuwa nasukuma gari ya bengine. Gari inazama, siye tunashuka, tunachimba na mikono, tunaweka majani, tunaweka mawe, tunasukuma. Siku tatu fasi moja, pale pale. Watu ba Mbau balitupatiaka ndizi, sababu balituonea huruma. Leo mutu mwenye hajazama ata kiatu ananiambia nakula barabara. Ile barabara njo ilinikula miye."

"Mbona hukuandika hivyo?"

"Nilikuwa na kasirani."

Mnaona shida yangu. Mtu akikuletea nguo chafu, unaweza kumrudishia. Akikuletea kitambaa kizuri ambacho hakijashonwa, na wewe ni fundi, mkono unakwenda wenyewe. Nilirudi bureau nikaandika alasiri nzima. Nilimwondoa nyoka, nikamwondoa mbuzi, nikamwacha Mzee Katembo apumzike. Niliweka matope, majani, mawe na ndizi za watu wa Mbau. Ilibaki kufunga. Nikatazama dirishani, na neno likanishukia lenyewe, sijui lilitoka wapi: "Directeur anaijua barabara kwa kalamu. Mimi naijua kwa magoti."

Nililisoma mara mbili. Nilijua ni sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na chini yake kungekuwa na jina la mtu mwingine. Nikampa Kavugho. Alisoma mpaka mwisho, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa anayekataa dawa. "Directeur," akasema, "umejipiga weye mwenyewe." Kisha akaenda kurudisha kile kiti kwenye kona.

Karatasi ikatoka. Kwa vinyozi wa Kimemi ni mtu mmoja anayenunua na kusoma kwa sauti, wengine wanabishana. Siku hiyo hawakubishana. Mwisho wa juma lori moja la Hadji lilipita limeandikwa nyuma kwa rangi nyeupe, NAIJUA KWA MAGOTI. Sokoni mama mmoja akikataa kupunguza bei ya viazi alisema, "Ninyi munajua viazi kwa kalamu." Nilifanya mkutano wangu mkubwa upande wa Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, nikasema saa nzima juu ya développement intégral, yaani maendeleo ya kila upande. Nilipomaliza, mama mzee akanishika mkono kwa upole: "Papa, hotuba yako ni muzuri. Mais weye ni mutu wa kalamu tu." Nilitabasamu kama mtu aliyemeza kwinini bila maji.

Hadji alipita, mimi nikaanguka. Iliniuma. Siku nne sikutoka nyumbani, nikimwambia kila mtu nina malaria, na kila mtu akinipa pole ya malaria kwa macho ya pole ya kura.

Siku ya tano Hadji alikuja nyumbani na mfuko wa sukari. Safari hii alikaa. "Directeur," alisema, "ile jibu yangu nilisomaka mara tatu. Nikajiuliza, huyu mutu muzuri ni nani?" Akaniomba niende naye, nimwandikie hotuba zake zote. Nilikataa. Nilimwambia mahali pangu ni pale pale, na kwamba barabara isipopata mawe nitampiga tena. "Nipige," akasema, "mais unisafishe." Ndivyo tulivyoishi muhula mzima: mimi nampiga, yeye analeta kurasa nne bila nukta, mimi nazisafisha. Ugomvi wetu ulisifiwa mpaka Beni. Wasomaji waligawanyika wa kwangu na wa kwake, na wote walikuwa wananisoma mimi. Barabara ilipata mawe fulani. Furushi letu liliendelea kusafiri bure.

Miaka hii yote niliwafundisha wanaoanza kazi kwamba nilipoteza kiti kwa sababu ya kanuni. Nililisema kwa sauti ya chini, kichwa kimeinama kidogo, na mara nyingi waliguswa. Kavugho peke yake alikuwa anatoka nje kukohoa.

Nilitaka kumaliza hapo. Lakini kanuni ingali inanibana: nimemtaja Mama Masika, na nimeandika juu ya vernis yake. Nikampa karatasi hizi asome, ajibu kama ana la kujibu. Alivaa miwani yangu, akasoma polepole, akacheka mahali ambapo mimi sikuweka kichekesho. Kisha akaomba kalamu. Jibu lake ndilo hili, ukurasa ule ule, herufi zile zile. Nimekaa nalo siku mbili, kalamu nyekundu mkononi. Ni mara ya kwanza katika kazi yangu sikupata kitu cha kusafisha.

"Miye Mama Masika, mulimaji wa maharagi. Baba Masika anasema ile neno ya magoti ilimushukia ku dirisha. Hapana. Miye njo nilimwambiaka, kabla kidogo ya ile kampanye, siku nilirudi ku shamba na matope mu nguo. Nilisema: weye shamba unaijua kwa kalamu, miye naijua kwa magoti. Alikuwa anaandika, akasema 'mm'. Nikafikiri hapana kusikia. Kisha nikaona neno yangu mu gazeti, iko mu kinywa ya Hadji, imevaa muzuri. Sikukasirika. Nilikwenda ku ule mukutano wa Rughenda, nikasimama nyuma na bamama benye tunalima nabo, nikabaambia mungoje, Baba Masika naye ataisema. Saa nzima tulingoja. Alisema développement. Siku ya kura nilimupigia Hadji, sababu yeye njo alikuwa na neno yangu, na bale bamama bote balimupigia Hadji. Kama Baba Masika angeisema ata mara moja, tungemupigia yeye. Haikuwa kanuni njo ilimuangusha. Na vernis, bado nangoja. Ilikuwaka nyekundu."